MBEGU ZA BIBI ZISITUPWE



Wenzangu wengine husema kwamba mtama wa wazee wetu umepitwa na wakati, na ya kuwa sayansi itatuletea mbegu bora, tayari mfukoni. Nusu ya maneno hayo nayakubali, nusu nayakataa.

Elimu ya urithi wa mimea si porojo. Dakta Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alipofanya kazi Sudan alizalisha mtama chotara uitwao Hageen Dura-1, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1983, nao ulistahimili ukame. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, yeye na wenzake walichunguza kiduha, gugu lile la maua ya zambarau ambalo kwa Kiarabu cha Sudan huitwa buda. Mbegu ya kiduha hulala udongoni miaka mingi, haiamki mpaka ipate dawa fulani itokayo katika mizizi ya mtama; ndipo huota na kumnyonya mwenyeji wake. Basi wakatafuta mitama ambayo mizizi yake haitoi mwito huo kwa wingi. Je, waliishusha kutoka mbinguni? La! Waliichagua katika aina zilizokwisha kuwako, wakaipandisha na nyingine. Mwaka 2009 Dakta Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Nasi tuliokimbilia Uganda tulivila viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A ifaayo macho ya watoto. Dakta Robert Mwanga wa Uganda ni mmoja wa waliopewa tuzo hiyo hiyo mwaka 2016 kwa ajili ya viazi vya namna hiyo.

Sasa nieleze ninachokataa. Bibi yangu huko Yei alikuwa akitundika masuke ya mbegu juu ya moto wa jikoni, moshi ufukuze wadudu. Mwaka 2016 tulikimbia usiku, masuke yakabaki. Bibi akafia ugenini. Tuliporudi tukapewa mbegu za msaada. Zilikuwa za mtama mfupi, wa kukomaa upesi. Ukakomaa mvua ingali ikinyesha, masuke yakaota ukungu. Sisemi kwamba mbegu ile ilikuwa mbovu. Ilifaa nchi kavu. Mtama wa bibi ulichelewa kwa makusudi, ukingoja mvua iishe. Tabia hiyo imo katika chembe za urithi ziitwazo jeni, na ikipotea, mtaalamu atapandisha nini? Tena mbegu chotara huwezi kuiweka akiba. Mazao yake ya pili hayafanani na ya kwanza, yakubidi ununue kila mwaka. Kwa pesa zipi?

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani mlioko Chuo Kikuu cha Juba: likizoni kila mtu alete konzi moja ya mtama wa kwao ndani ya chupa, pamoja na jina lake na mwezi wa kuvunwa, tuanze kabati katika chumba cha sayansi. Shangazi ameniambia kwamba kuna mama mmoja Lainya ambaye bado anao mtama kama wa bibi. Mwezi wa Desemba nitakwenda kumwomba.