Mikanda ya nyumbani: hamisha kwanza, mbwembwe baadaye

Najua nimepotea, ila test zilikuwa zimebana kisawasawa. Leo sina stori za kantini wala za boom kuchelewa. Nina neno kuhusu ile mikanda ya video iliyojaa kwenye makabati ya nyumbani kwetu, na huu upepo uliovuma hapa chuo wa kila mtu kutaka kutengeneza filamu ya familia. Huyu anatengeneza ya miaka 25 ya ndoa ya wazazi, yule ya sendofu ya dada, mwingine ya kumbukumbu ya babu.

Wazo lenyewe naliunga mkono kwa mikono miwili. Kinachonikera ni mpangilio wa kazi. Mtu anachukua mkanda wa harusi wa saa tatu, anatoa vipande vya dakika sita, anaweka muziki wa Bongo Flava juu, maua yanazunguka, mioyo inaruka, basi. Mkanda unarudi kabatini kuliwa na unyevunyevu. Msimamo wangu ni huu: mkanda wote uingie kwenye kompyuta ukiwa mzima, kama ulivyo, halafu ndiyo uanze kukata. Na usisubiri mpaka umalize chuo.

Kwa nini haraka? Kwa sababu vitu viwili vinakufa kwa pamoja, mkanda na mashine ya kuuchezea. Mkanda ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Gundi inachoka, na ukanda wetu wa pwani, kuanzia Dar, Tanga mpaka Mombasa, ni mahali pazuri sana kwa ukungu kuota. Mwaka 2019 UNESCO walianzisha mradi walioupa jina la Magnetic Tape Alert, wakitahadharisha kwamba mashine za kuchezea kanda zinakwisha na kwamba kisichohamishwa ifikapo mwaka 2025 kiko hatarini kupotea. Mwaka huo umeshapita jamani.

Upande wa mashine ndiyo usiseme. Funai wa Japani, waliokuwa wamebaki wakitengeneza deki za VHS wakati wenzao wameshaacha, nao walifunga kazi Julai 2016. Windows Movie Maker, ile iliyotufundisha wengi kukata video, Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017. Na macOS Tahoe iliyotoka 2025 imeondoa kabisa uwezo wa kutumia FireWire, ambayo ndiyo njia ya kamkoda za MiniDV kuongea na kompyuta. Kila mwaka mlango mmoja unafungwa. Kwa hiyo ukisema utafanya ukipata kazi, unajidanganya. Hela itakuwepo, deki haitakuwepo.

Sasa kuna wanaosema, si upeleke tu mjini kwenye kibanda, wakugeuzie? Sikatai, wapo mafundi waaminifu wanaojua kazi yao. Ila nimeona kwa macho yangu mkanda wa jamaa mmoja wa hosteli kwetu ukirudi ukiwa DVD moja, picha imebanwa mpaka nyuso zina vigae, na mkanda wenyewe "umepotea dukani". Hata kama usingepotea, DVD ya kawaida inaminya video sana ili ienee, na diski za kuchoma nyumbani nazo hazidumu kihivyo. Wengine ndiyo kabisa, wanawasha deki halafu wanarekodi kioo cha TV kwa simu. Ndugu yangu, hapo umehifadhi mwanga wa taa ya sebuleni na sauti ya feni.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza jua una mkanda gani, maana njia zinatofautiana.

Kama ni MiniDV, ile midogo iliyoshika kasi kuanzia 1995, una bahati. Kilichomo tayari ni tarakimu. Kamkoda ina tundu dogo limeandikwa DV au i.LINK, ndiyo hiyo hiyo FireWire. Ukiunganisha hapo, kompyuta inanakili tarakimu zile zile bila kupunguza chochote. Lile tundu la USB pembeni lisikudanganye, kwa kamera nyingi za zama zile lilikuwa la picha za mnato au video hafifu. Na vile vichwa vya bei poa vya kugeuza umbo la FireWire kuwa USB havifanyi kazi, ni lugha mbili tofauti. Tafuta desktop ya zamani yenye nafasi ya kuchomeka kadi ya FireWire. Kwenye Windows tumia WinDV, kwenye Linux tumia dvgrab, zote za bure.

Mkanda wa saa moja unachukua saa moja kuhamia, hakuna njia ya mkato. Chomeka kamkoda kwenye umeme wake, usitegemee betri ya tangu enzi hizo. Saa moja ya DV inakula kama GB 13. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana diski au flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, yaani hata dakika 20 za video hazifiki. Iandae kwa NTFS au exFAT kabla hujaanza. Mikanda kumi ni kama GB 130, na diski ya nje ya TB 1 inabeba mikanda zaidi ya 70 ya saa moja. Ukoo mzima unaenea humo.

Kama ni VHS, VHS-C, Video8 au Hi8, hizo ni za analogi. Hapo unahitaji deki au kamkoda nzima, na kile kifaa kidogo cha USB chenye tundu la njano, jeupe na jekundu. Kama mashine yako ina S-Video, tumia hiyo badala ya njano, rangi zinatulia zaidi. Programu ya OBS Studio inatosha kurekodi. VHS-C inaingia kwenye deki ya kawaida kwa kutumia ganda lake la kubebea. Na kwa wenye Video8 au Hi8 kuna siri moja tamu: kamkoda nyingi za Sony za Digital8, zilizoanza 1999, zinacheza mikanda hiyo ya zamani na kuitoa kwa i.LINK ikiwa tayari ya kidijitali. Ukiiona hiyo Kariakoo kwa wauza used, usiiache.

Kabla ya kuweka mkanda wowote, funga ulinzi wake usije ukarekodi juu. MiniDV ina kiswichi kimeandikwa SAVE, VHS unavunja kile kipande cha plastiki mgongoni. Ukiona unga mweupe wa ukungu usiuweke kwenye mashine kabisa, utachafua vichwa na kuambukiza mikanda mingine. Usiokuwa na ukungu, uzungushe mpaka mwisho kisha uurudishe mwanzo, ndiyo ucheze.

Sasa turudi kwenye hoja. Najua swali litakalokuja: nani ataangalia saa tatu za harusi, nusu yake watu wanakula pilau? Kweli, hakuna atakayekaa kuziangalia zote. Lakini fikiria kilichomo. Mpiga video wa enzi zile aliacha kamera ikitembea. Humo ndani kuna wazee wakipeana nasaha kwa kilugha ambacho wewe na mimi hatukiongei vizuri. Kuna mtaa ambao sasa ni ghorofa. Kuna bibi aliyefariki 2003 akimwita mtu jina lake kwa sauti. Simu zetu zina picha maelfu, yeye ana dakika nne tu duniani, na dakika hizo ziko pale pale kwenye pilau. Wewe unayekata leo hujui mwanao atakuja kutafuta nini. Ukihifadhi vipande ulivyovipenda wewe tu, umeshamchagulia.

Hata kwa upande wa ufundi wa filamu, malighafi nzima ndiyo mtaji. Jonathan Caouette, Mmarekani, alitengeneza Tarnation mwaka 2003 kwa kutumia iMovie na picha za nyumbani alizokuwa amekusanya tangu utotoni, habari kuhusu mama yake mgonjwa. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola 218, na filamu ikafika Sundance 2004. Asingekuwa na rundo lile la mikanda, programu ingemsaidia nini? Danny Boyle naye alipiga sehemu kubwa ya 28 Days Later ya 2002 kwa Canon XL1, kamera ya MiniDV. Kwa hiyo anayecheka mkanda mdogo hajui historia.

Ukifika kwenye kuhariri, fanya kazi kwenye nakala, ile ghafi usiiguse. Shotcut na Kdenlive ni za bure na zinatosha. Mikanda yetu mingi ni ya PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, basi mradi wako uweke hivyo hivyo. Ile mistari mistari inayoonekana mtu akitembea iondoe kwenye nakala ya kutuma WhatsApp tu. Na tafadhali sana, msivute picha ijaze kioo kipana cha siku hizi. Iacheni na weusi wake pembeni. Mnawanenepesha wazee wetu bure!

Sauti ndiyo naomba zaidi. Muziki weka mwanzoni na mwishoni, katikati waache watu waongee. Harusi nyingi zilikwisha kuwekewa nyimbo na mpiga video mwenyewe, maneno ya watu yakapotea hapo hapo. Hatuna sababu ya kurudia kwenye yaliyobaki.

Jambo la mwisho ni adabu. Mkanda una watu, na wengine hawapo tena. Kabla ya kurusha YouTube, muulize mama au baba mkubwa. Video ya msiba ni ya familia, na ugomvi wa ukoo ulionaswa na kamera usiwe kichekesho cha status. Hifadhi kila kitu, onyesha kwa ruhusa.

Kuhusu gharama, mtu mmoja mmoja tutalia, ila hosteli moja ikichanga inapata kadi ya FireWire, kile kifaa cha USB na diski moja. Desktop mbovu mbovu hazikosekani vyumbani. Likizo ikifika, kila mtu arudi na mikanda ya kwao, tupangiane zamu, mkanda ukitembea wewe unadesa pembeni. Nakala ziwe mbili sehemu mbili, moja hapa, moja nyumbani.

Mwenye deki nzima anitafute, mwenye hoja ya kunipinga alete. Naomba kuwasilisha.