Vilima vya Ukambani: Mgeni aje, lakini je, mwenyeji atapona?

WASAFIRI wengi wanaotoka Nairobi kwenda Mombasa huipita Kaunti ya Makueni bila kuiona. Huiona Emali kupitia dirisha la basi, hununua maji Mtito Andei, kisha husinzia hadi Voi. Abiria wa treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2017, hupita kwa kasi kubwa zaidi. Macho yao yako baharini, au kwa ndovu wa Tsavo.

Hata hivyo, Makueni na jirani yake Kitui zina vilima, misitu, chemchemi na simulizi ambazo mgeni yeyote angesafiri mbali kuzifuata. Tangu Katiba ya mwaka 2010 ikabidhi kaunti jukumu la utalii wa mashinani, maeneo hayo yamekuwa yakitajwa kama chanzo cha mapato katika nchi kame ambako mvua haitabiriki.

Tamaa hiyo ni halali. Swali ambalo halijajibiwa ni moja: mgeni atakuja kwa masharti ya nani?

Jiwe na ngazi

Nje kidogo ya mji wa Kitui limesimama jiwe la Nzambani, mwamba mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Simulizi inayojulikana kote Ukambani husema kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Ngazi za chuma zimewekwa ili mgeni apande hadi juu na kuitazama nchi iliyotandazwa chini yake.

Kwa wageni wengi, simulizi hiyo ni ya kuchekesha. Hupiga picha, hutaniana kuhusu mzunguko wa saba, kisha huondoka. Kwa wazee wa eneo hilo, mwamba si mchezo. Wakamba tangu jadi walikuwa na mathembo, yaani mahali pa ibada penye miti ambayo haikukatwa, ambako sadaka ilitolewa ili mvua inyeshe. Miiko iliyolinda mathembo ndiyo iliyohifadhi baadhi ya miti mikongwe inayosalia vilimani leo.

Hapa ndipo utalii unapoweza kujenga au kubomoa. Mahali palipolindwa na heshima hupoteza ulinzi wake mara heshima hiyo inapogeuzwa kuwa kichekesho cha kuuzwa kwa tiketi.

Mataifa mengine yamekwishapitia mtihani huu. Nchini Australia, kupanda mwamba wa Uluru kulipigwa marufuku Oktoba 2019, baada ya wenyeji wa asili kuomba kwa miaka mingi kwamba mahali pao patakatifu pasikanyagwe. Huko Bhutan, nchi ya Wabudha katika milima ya Himalaya, serikali ilipiga marufuku upandaji wa vilele virefu kwa kuwa watu huviheshimu kama makao ya miungu. Nchi hiyo, iliyofungua milango kwa watalii mwaka 1974, huwatoza wageni wengi ada ya kila siku na kuielekeza katika huduma za umma.

Kitui haiwezi kuiga Bhutan neno kwa neno. Bhutan yenyewe ilipopandisha ada hiyo hadi dola 200 mwaka 2022, ililazimika kuishusha hadi dola 100 mwaka uliofuata ili kuwavuta wageni. Kaunti ambayo bado inatafuta watalii haina nguvu ya kuwatoza hivyo. Linaloweza kuigwa ni kanuni: mwenyeji kwanza huamua kisichouzwa, ndipo apange bei ya kinachouzwa.

Mgeni wa mwaka 1849

Kupokea wageni si jambo geni Kitui. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilifika pwani. Ni kutoka nchi ya Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya, akaandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba.

Ulaya ilibishana kwa miaka kuhusu theluji hiyo iliyo karibu na ikweta. Sifa ya ugunduzi ikamwendea mgeni, ilhali wenyeji waliomwongoza walikuwa wameujua mlima huo vizazi na vizazi.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa. Ukambani imewahi kutoa njia, chakula, ulinzi na maarifa, kisha faida ikaandikwa kwa jina la mwingine. Utalii usiopangwa vizuri unaweza kurudia jambo hilo kwa sura mpya: kampuni ya Nairobi ikalipwa kwa safari, dereva akapata posho, na mzee aliyesimulia historia ya kilima akaachiwa chupa tupu za plastiki.

Maji chini ya mawe

Upande wa Makueni, uzito wa jambo hili unaonekana wazi katika vilima vya Chyulu, vinavyoitenganisha kaunti hiyo na Kajiado. Vilima hivyo vilitokana na volkano, na milipuko ya mwisho ilitokea katikati ya karne ya 19. Kilele chake kinapita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari.

Juu ya Chyulu hakuna mto. Mvua na ukungu hupenya katika mawe ya volkano, husafiri chini ya ardhi, kisha hutokeza mbali kama chemchemi: Umani katika msitu wa Kibwezi, na Mzima ndani ya Tsavo Magharibi. Maji ya Mzima yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950.

Kwa hiyo mtalii anayeoga katika hoteli ya Mombasa huenda anatumia maji yaliyonyesha Chyulu, wakati ambapo kina mama wa vijiji kadhaa vya Makueni hutembea kilomita nyingi na mitungi yao msimu wa kiangazi. Moto ukiteketeza msitu wa juu, au miti ikikatwa kwa makaa, hasara itafika hadi pwani.

Mapato ya uhifadhi yapo. Mradi wa kuuza hewa ya kaboni wa Chyulu huwaunganisha mashirika ya serikali, wahifadhi na jamii. Lakini ranchi za jamii zilizo washirika wakuu, kama vile Mbirikani na Kuku, ziko upande wa Kajiado. Mkulima wa Kibwezi, ambaye shamba lake la mahindi liko jirani na makao ya ndovu, ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Malalamiko kuhusu kuchelewa kwa malipo yamesikika kote nchini. Ni vigumu kumwambia mtu ampende ndovu kwa ajili ya picha ya mgeni ikiwa mazao yake yaliliwa jana na faili yake bado iko ofisini.

Funzo la Makindu

Makueni haihitaji kwenda Himalaya kutafuta mfano wa ukarimu wenye heshima. Uko Makindu, kando ya barabara kuu. Hekalu la Singasinga lililojengwa mwaka 1926, na ambalo asili yake ni wafanyakazi wa reli, humpokea msafiri wa dini yoyote na kumpa chakula bila malipo.

Lakini masharti yapo, na hayajadiliwi. Mgeni huvua viatu na kufunika kichwa. Tumbaku na pombe hubaki nje. Anayetaka hutoa mchango, na mchango huo huendeleza huduma. Hakuna anayeona kwamba kanuni hizo zimewafukuza wageni. Kinyume chake, ndizo zinazompa mgeni hakika kwamba amefika mahali penye maana.

Ikiwa msafiri anaweza kuvua viatu Makindu bila kunung'unika, anaweza pia kutembea na mwongozaji wa kijiji huko Nzambani, kuacha ithembo bila kulipiga picha, na kubeba taka zake anaposhuka kutoka Mbooni au Nzaui.

Kazi iliyobaki

Zana za kisheria hazikosekani. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na tamaduni za jadi inazipa jamii msingi wa kudai haki juu ya simulizi zao. Makueni yenyewe ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, baada ya mito yake kuchimbwa kwa ajili ya majengo ya mijini. Kaunti iliyotambua kwamba mchanga una mwenyewe haishindwi kutambua kwamba hata kilima kina mwenyewe.

Kinachotakiwa ni mambo machache yanayopimika. Kiingilio kinachokusanywa kitangazwe hadharani, pamoja na sehemu inayorudi kijijini. Waongozaji wawe vijana wa eneo hilo waliofunzwa. Vyoo na maji viwepo kabla ya matangazo. Wafumaji wa vyondo wauze moja kwa moja kwa wageni. Na kila jamii iamue, katika baraza la wazi, mahali ambapo mgeni hatafika.

Uamuzi huo hautakuwa mwepesi. Wakazi wengi ni Wakristo, na baadhi yao huyaona mathembo kama mabaki ya upagani. Vijana wanataka ajira leo, si mjadala wa mila. Wazee nao huenda wakatumia jina la jadi kujinufaisha wenyewe. Ndiyo maana baraza linapaswa kuwa la wote, na hesabu ziwe wazi kwa wote.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kitui na Makueni zimekwishaanza kusema nusu ya kwanza kwa sauti kubwa. Thamani ya utalii wao itapimwa kwa nusu ya pili.