Nauli ya mzee wa Vwawa ni dhima ya nani?

Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, Vwawa ikawa makao yake makuu. Ofisi za Serikali zikasogea kwa wananchi, na hospitali ya rufaa ya mkoa ikawa jirani. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini ujirani huo umepimwa kwa miguu ya kijana. Kwa ajuza aishiye ndani ya mashamba ya kahawa ya Mbozi, safari iliyo ngumu si ile ya lami, bali ni ile ya kutoka mlangoni kwake hadi kwenye barabara kuu ya Tunduma, hasa wakati wa mvua, udongo unapoteleza. Akifika barabarani hukuta malori yaendayo Zambia na Kongo, na basi dogo ambalo kidato chake ki juu na kondakta wake ana haraka.

Usafiri wa abiria huku umo mikononi mwa watu binafsi, wenye daladala, bajaji na bodaboda. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikawasamehe wazee wasio na uwezo gharama za matibabu. Msamaha huo, hata hivyo, huanzia kwenye dirisha la hospitali. Asiye na nauli ya kulifikia dirisha hilo hausikii ila kwa jina. Tazama pia viwango vya nauli za daladala vinavyotangazwa na LATRA: ipo ya mtu mzima, na ipo ya mwanafunzi. Mzee wa miaka 80 na mtu asiyeona huhesabiwa sawa na mfanyabiashara mwenye nguvu zake. Ikiwa tumeweza kumpunguzia mjukuu, kipi kinatuzuia kwa bibi yake? Jijini London, wazee na walemavu husafiri kwa kadi ya bure tangu mwaka 1973, na gharama yake hulipwa na halmashauri za jiji hilo.

Halmashauri zetu hazina utajiri huo, lakini hazikosi pa kuanzia. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 huziamuru kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haina riba, nasi Waislamu twajua uzito wa neno hilo. Kwa asilimia 2 hiyo kikundi cha walemavu chaweza kununua bajaji. Hapo ndipo penye fundo: mkopo ni deni, na mwenye deni hawezi kumbeba mzee bure kila siku ya kliniki. Chombo kinaweza kupatikana. Kinachokosekana ni mlipaji wa nauli.

Dini yetu haikuliacha hilo hewani. Katika Surat An-Nur, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewaondolea uzito kipofu, kiguru na mgonjwa; hakutuondolea sisi wajibu wetu kwao. Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kutoka Damascus kati ya mwaka 705 na 715, amepokewa katika tarekhe kwamba alimpangia kila kipofu mtu wa kumwongoza na kila kiwete mtu wa kumhudumia, kwa gharama ya dola. Huo ulikuwa usafiri wa umma wa zama zile.

Kwa hiyo mzigo una mabega mawili. Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi yaweza kuingia mkataba na vikundi vya bajaji kwa siku za kliniki tu, jambo lisilohitaji basi wala karakana. Nayo misikiti yaweza kubeba nauli za Waislamu mafukara na masikini kutoka katika zaka, kwani mafungu hayo mawili ndiyo ya mwanzo kutajwa katika Surat At-Tawba, na kuwatolea majirani wasio Waislamu katika sadaka.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na madiwani hupitisha makisio miezi kadhaa kabla. Kamati ya msikiti itakayomwendea diwani wake ikiwa na orodha ya wazee, vijiji vyao na siku zao za kliniki, itakuwa imempa kitu cha kusimama nacho barazani.