Daftari la wiki: Naangalia tu

Likizo ya Juni. Huko Ulaya mwezi huu watoto wanatolewa matembezi na kaptura. Sisi wa Mbozi ndio tunatetemeka. Jumamosi tulitoka Hasamba watano, mama watoto, watoto wawili, bibi yao na mimi, kila mtu na sweta lake, bibi na masweta mawili na kitenge juu. Kilichomsumbua bibi si baridi.

"Tunakwenda Tunduma kununua nini?"

"Kuangalia maduka, mama."

Akanitazama kama mtu aliyeaga kwamba anakwenda shambani kuangalia jembe.

*

Maduka yetu mengi hayaangaliki. Kuna nondo, kuna kaunta, na mwenye duka yuko nyuma yake. Unasimama barazani unataja: chumvi, kiberiti, sabuni ya mche. Usichokijua jina hukipati. Binti yangu, miaka tisa, alining'inia kwenye nondo akanyoosha kidole: "Kile chekundu."

"Kipi?"

"Kile kilicho karibu na cha bluu."

Kijana wa watu alipanda kwenye kreti mara tatu. Ya tatu akashuka na chupa ya chai. Binti akaikagua, akafungua kifuniko, akanusa ndani, akairudisha: "Asante." Kijana hakusema neno, ila aliipangusa vumbi muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nondo ziliwekwa kwa ajili ya wezi, najua. Lakini zimetufundisha kununua kama tunaitikia mahudhurio.

*

Kwenye mitumba hakuna kaunta. Mzigo umemwagwa juu ya turubai, muuzaji anaimba buku, buku, na mikono inaingia. Mama watoto alipata jaketi. Aligeuza ndani nje, akakagua kwapa, akapandisha zipu na kuishusha mara mbili. Mfukoni mlikuwa na kikaratasi kilichofuliwa hadi kikawa kama pamba, maandishi yamebaki matatu, hayasomeki. Mdogo amekihifadhi. Jaketi lenyewe halikumtosha mtu, tukaliacha.

*

Bibi aliamka tulipofika kwenye maharage. Kwetu maharage na viazi hupimwa kwa sado, kile kikopo cha rangi cha Sadolin ambacho kimemaliza kazi ya ukutani kikaanza ya sokoni. Wakala wa Vipimo wanahimiza mizani; soko limeng'ang'ania kopo. Bibi hakuuliza bei. Alimwaga maharage ya muuzaji kwenye gunia, akapindua sado, akagonga kitako kwa kidole cha kati.

"Hii imepigwa tumboni."

Kweli, kitako kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani, kama kiganja kinachoomba maji. Muuzaji akacheka, akatoa sado nyingine chini ya meza, nzima, akapima na kuongeza konzi mbili. Walipoachana walikuwa wanaitana mama na mwanangu.

*

Mwenye fremu moja ya vitenge alituambia Juni ni mwezi wa kuhesabu doti, si wa kuuza. Kahawa ndiyo kwanza inachumwa. Hela yake ikishaingia mikononi, mji unachangamka. Kwa sasa anaandika. Alinionyesha daftari lake la madeni. Ni nene kuliko hili langu, na lina wahusika wengi zaidi.

*

Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia, na Nakonde iko nyuma yetu kwa saa moja. Tangu 2019 forodha za nchi hizi mbili zinafanya kazi pamoja, lakini saa haijaunganishwa na mtu. Watoto walifurahi sana kusikia kwamba ukivuka unarudishiwa saa uliyokwisha kuitumia. Mdogo akauliza kama inarudi na ile chipsi uliyokula ndani yake.

Hatukuvuka. Simu yangu ndiyo iliyovuka: ilidaka mtandao wa Zambia tukiwa tumekaa kwa mama ntilie upande wetu, ikajirudisha saa moja nyuma bila kuniaga. Nami nikaagiza chai ya pili kwa raha zangu. Dereva tuliyepatana naye saa kumi aliondoka saa kumi. Tulirudi usiku, tumebanana kwenye Noah, kulia kwetu foleni ya malori imezima taa, bibi amepakata maharage yake.

"Mmeona?" akasema gizani. "Mimi angalau nimenunua."

*

Jumapili jioni nilimtuma binti chumvi, duka la jirani hapa Hasamba. Alichelewa, nikamfuata. Chumvi alikuwa nayo mkononi, uso ameubandika kwenye nondo.

"Nikupe nini tena, mwanangu?" mwenye duka anamuuliza.

"Naangalia tu."

Mwenye duka akasita, kisha akageuka, naye akaanza kuangalia rafu zake.