TUANZE NA BAWA, MOTERI INGOJE



Shauri moja linasemwa sana siku hizi katika uwanja wa masomo. Mayaya wa masomo ya tano na ya sita wanachangisha franka ili wanunue moteri ya pikipiki iliyokwisha kutumika, wajenge ndege ya mtu mmoja. Wengine wamekwisha kutoa. Wengine wanacheka tu. Na kuna wazee wa kanisa wanaosema ya kama kujirusha hewani juu ya mbao na misumari ni kumjaribu Mungu, kama vile Shetani alivyomtaka Bwana Yesu ajitupe toka hekaluni. Mimi siko upande wa wanaocheka. Na kwa wazee nasema kwa heshima: anayepima mbele ya kujenga hamjaribu Mungu, anafanya kama yule mtu wa mnara katika Luka 14, aliyepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Lakini mchango huu wa moteri ninaukataa. Juu ya nini? Juu moteri ndiyo kitu cha mwisho, na sisi tunataka kuanza nayo.

Moteri haiinui ndege. Inasukuma tu. Bawa ndilo linaloinua, na bawa iko na hesabu yake. Tuchukue ndege pamoja na rubani wake, jumla kilo 250. Tulipe bawa mita za mraba 10, lenye umbo zuri, tuseme kipimo chake cha kuinua ni 1,3. Hapa kwetu katika tambarare ya Ruzizi, kimo kinakaribia mita 1.000, na siku ya jua hewa inakuwa nyepesi, kama kilo 1,05 kwa mita moja ya ujazo. Fanyeni hesabu: mtaona ndege hiyo haibebwi na hewa mpaka ifikie mbio ya kilometa 68 kwa saa. Sasa mpunguze bawa mpaka mita 5, kama wanavyochora wenzetu ili lionekane zuri kama la ndege ya vita. Inadai kilometa 96. Mtakimbiza wapi kitu hicho kwa mbio ya 96? Katika barabara ya Kamanyola na Uvira, kati ya ng'ombe na mama wenye mizigo? Tena hewa hiyo nyepesi inainyima moteri yenyewe nguvu. (Wanaosema fizikia haisaidii kitu katika maisha wajaribu hesabu hii mbele ya kutoa franka zao.)

Tuwaangalie waliotutangulia. Wilbur na Orville Wright wa Marekani walikuwa mafundi wa baiskeli. Mwaka 1900 na 1901 walijenga ndege zisizo na moteri, na ile ya 1901 haikuinua kama vitabu vilivyoahidi. Hawakukimbilia moteri. Walifunga gurudumu la tatu, lililolala, mbele ya baiskeli, wakatia juu yake kipande cha bawa, wakapiga pedali ili upepo uje. Halafu wakatengeneza sanduku la mbao lenye pepeo, urefu karibu mita 2, wakapima ndani yake mabawa madogo karibu 200. Hapo wakajua ya kama bawa refu na jembamba linashinda fupi na pana. Ndege yao ya 1902, isiyo na moteri bado, iliruka vizuri. Moteri ilitengenezwa nyuma ya hayo yote, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka sekunde 12.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, juu ni wa watu kama sisi. Mfaransa Henri Mignet alitengeneza ndege ndogo sana, Pou-du-Ciel, yenye moteri ndogo na mabawa mawili, moja mbele juu, lingine nyuma. Mwaka 1934 akaandika kitabu ili kila mtu aweze kujijengea nyumbani. Watu wengi walijenga, Ufaransa na Uingereza. Halafu wakaanza kufa. Ndege ilielekeza pua chini, rubani akavuta ili kuiinua, nayo ikazidi kushuka. Mwaka 1936 waliitia nzima ndani ya tuneli kubwa ya upepo, wakaona sababu. Mabawa yalikuwa karibu mno. Rubani akivuta, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unakaribia bawa la nyuma, upepo unaopita katika ufa ule unalipa bawa la nyuma nguvu zaidi, mkia unapanda, pua inaanguka. Mignet alibadilisha mabawa, na ndege za namna yake zikaendelea kuruka. Wale waliokufa hawakukosa moteri. Walikosa kujua ufa wa upana wa mkono.

Hata Kenya, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana kwa kujijengea ndege yenye moteri ya gari. Namsifu kwa bidii yake. Lakini habari zilizotufikia zilisema mengi juu ya moteri, na juu ya bawa karibu hakuna.

Kuna jambo lingine ambalo wenzetu hawapendi kulisikia. Bawa likikwisha kujengwa, linageuzwa tumbo juu na kubebeshwa mifuko ya mchanga. Ndege za kawaida zinahesabiwa kuvumilia mara 3,8 ya uzito wao. Kwa ile yetu ya kilo 250 ni karibu kilo 950 za mchanga, na bado wanaongeza akiba. Nani kati yetu amekwisha kuuliza seremala kama boriti yake itavumilia hiyo? Na tunakaa karibu na mpaka. Kitu kinachoruka bila ruhusa ya serikali, askari hatauliza kwanza kama ni cha wanafunzi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Franka zilizokwisha kutolewa zihesabiwe wazi mbele ya wote, na anayetaka zake arudishiwe. Zitakazobaki zinunue gundi na tripleksi, tukate mabawa madogo ya sentimeta 40, ya maumbo mbalimbali, tuyafunge mbele ya baiskeli na kuyapima asubuhi, mbele upepo haujaamka. Baiskeli tuko nayo. Tunayokosa ni mizani ya kutundika, hata ile ya kupimia samaki. Mwenye nayo nyumbani aulize wazazi kwanza, halafu aniletee saa ya pumziko siku ya Ijumaa, nyuma ya masomo ya sita.