Kansa ya prostati: kwa nini Ulaya inaonekana nyingi kuliko kwetu?

Mchimbaji wa Salamabila akilalamika kiuno, hakuna anayeshangaa. Kupiga nyundo, kubeba mifuko, kulala chini: lazima mgongo uume. Tunampatia dawa ya maumivu, kesho anashuka tena shimoni. Kwa vijana mara nyingi ni kazi kweli. Lakini kwa mzee aliyepita miaka 50, ule mgongo unaweza kuwa kansa ya prostati iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Prostati ni tezi ya wanaume, iko chini ya kibofu cha mkojo. Watanzania wanaita tezi dume.

Sisi wa sendika tunataka kuzungumza juu ya namba moja inayodanganya watu. Hesabu za dunia za mwaka 2020, zilizotolewa na shirika la IARC la Lyon, zinasema hivi: Ulaya ya Kaskazini, wagonjwa wapya ni karibu 83 kwa wanaume 100,000 kila mwaka. Afrika ya Kati, Kongo yetu ikiwa ndani, hawafiki nusu yao. Mutu akiishia hapo atasema ni ugonjwa wa wazungu. Asome na mustari wa vifo: Amerika ya Kaskazini karibu 8 kwa 100,000, Afrika ya Kati karibu 25.

Namna gani wagonjwa wachache watoe maiti wengi? Huko kwao, tangu miaka ya 1990, wanapima damu ya wanaume wasioumwa kitu. Kipimo kinaitwa PSA. Kinatoa hata kansa ndogo ambazo zingelala tu mpaka mtu afe uzeeni kwa ugonjwa mwingine. Namba inapanda, na wengine wanapasuliwa bila lazima. Ndiyo sababu mwaka 2012 wataalamu wa Marekani wenyewe walishauri kuacha kupima kila mtu. Kwetu anayehesabiwa ni yule aliyeletwa mkojo umefungana. Mzee akifia nyumbani, ndani kabisa ya Kabambare, watu wanasema ni uzee, na karatasi haiko.

Kupima siyo sababu yote. Wanaume weusi wa Marekani wanakaa inchi moja na wazungu, lakini wanaipata zaidi, na inawaua karibu mara mbili. Ukoo unahusika, ufukara na kuchelewa kutibiwa pia. Halafu kuna mazingira. Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Ufaransa, walitia kwenye migomba dawa ya wadudu, klorodekoni, toka 1972 mpaka 1993. Mwaka 2010 uchunguzi wa Guadeloupe ulionyesha kwamba wenye dawa ile nyingi damuni wanapata kansa hii zaidi. Mwezi wa Desemba 2021 Ufaransa ikakubali kwamba kansa ya prostati ni ugonjwa wa kazi kwa wakulima walioshika dawa za wadudu. Hatusemi vumbi ya shimo inaleta kansa hii. Tunasema wale walilipwa sababu kulikuwa watu waliohesabu.

Na Kasongo tulikwisha kuhesabiwa! Miaka ya 1970 madaktari wa Antwerp na wenzao Wakongo waliandika watoto wa hapa, nani alichanjwa surua, nani alikufa. Matokeo yalichapishwa 1981, yakasomwa mbali sana. Hatuombi mashini za ajabu. Tunaomba kila koperative ishike daftari ya wanaume waliopita miaka 45, na munganga apande machimboni awapime, hata mara moja kwa mwaka.

Mobutu mwenyewe kansa hii ilimshika: alipasuliwa Lausanne, Agosti 1996, akafia Rabat, Septemba 1997. Yeye alikuwa na ndege. Mchimbaji wetu ana pikipiki mpaka Kindu, mvua ikikubali.

Siyo kila shida ya mkojo ni kansa; kwa wazee wengi prostati inavimba tu, na inatibika. Kujua ni ipi, munganga anapima kwa kidole nyuma, dakika moja. Wazee wengi wanakataa shauri ya haya. Basi, bamama: mukiona baba anaamka mara nne usiku kukojoa na kiuno hakitulii, musingoje mkojo ufungane. Mumupeleke.