Pioneer, tuambiwe maji ya mfereji yanatoka wapi

Ukitafuta nyumba Pioneer, maswali huwa yale yale. Kodi ni ngapi? Tokeni ya stima ni ya kila nyumba au mnagawana? Na maji je? "Maji iko, tena kila siku," msimamizi wa ploti anakuambia huku akifungua mfereji wa jikoni uone yakimwagika. Unaridhika, unalipa, unahamia. Hakuna anayeuliza ni maji gani.

Mimi pia sikuuliza. Baada ya miezi mitatu hivi, birika la stima lilikuwa limeota ukoko mweupe chini. Sabuni ya kipande ilikuwa inaacha utando kwenye karai badala ya povu, na githeri ya Jumapili ilikaa motoni hadi nikaanza kuionea gesi huruma. Kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti kila mtu alikuwa na stori yake. Mmoja alisema ni dawa ya klorini imezidi, mwingine akasema maji ya Eldoret ndivyo yalivyo, tuzoee.

Lakini sivyo yalivyo. Mji huu hunywa zaidi maji ya mito: bwawa la Chebara kule Elgeyo Marakwet, linalopata maji ya mto Moiben kutoka milima ya Cherang'any, pamoja na Two Rivers na Ellegirini upande wa Kaptagat. Kwa kawaida maji ya mvua yanayoshuka mlimani na kuingia bwawani hayakai na mwamba muda mrefu, kwa hivyo hayabebi kalsiamu na magnesi nyingi. Hayo ndiyo madini yanayofanya maji yawe magumu. Maji yaliyozama chini ya ardhi miaka na mikaka ndiyo huyabeba. Birika langu lilikuwa linanong'ona habari za kisima.

Na kweli kilikuwepo. Nilipobana, niliambiwa ploti ina laini mbili, ya kampuni ya maji na ya kisima kilichochimbwa nyuma ya jengo, na zote zinaingia tangi moja juu ya paa. Presha ya mji ikishuka, pampu inawashwa. Si uhalifu. Bila pampu hiyo tungekuwa tunapanga mitungi. Kosa ni kutotuambia.

Ugumu wenyewe haudhuru mwili. Shirika la Afya Duniani, WHO, halijauwekea kikomo cha kiafya. Unachopoteza ni sabuni, gesi na birika. Kwa hivyo tukiishia kulalamikia povu, tutakuwa tumeshika mkia wa hii stori na kuacha kichwa. Yanayoumiza hayaonekani kwa macho.

Angalia majirani zetu wa Langas. Utafiti uliochapishwa 2007 ulipima sampuli 40 za maji ya mtaa huo. Kati ya visima 31 vifupi vya kuchimbwa kwa mikono, asilimia 97 vilikuwa na bakteria za aina inayoashiria kinyesi. Katika visima virefu vinne, viwili vilikuwa nazo. Mifereji mitano iliyopimwa haikuwa nazo hata mmoja. Ni sampuli chache, na ni za zamani, ila rudi usome hiyo ya visima virefu tena. Tumezoea kudhani kwamba kisima kikishakuwa na pampu na bomba, basi maji yake ni safi. Ukiyachanganya na ya mji ndani ya tangi moja, ile klorini kidogo iliyokuja na maji ya mji inapata kazi ya watu wawili.

Halafu kuna floraidi. Tuko kwenye miamba ya volkano, na wakazi wa Nakuru wanajua vizuri meno ya hudhurungi yanatoka wapi. Kiwango kinachopendekezwa na WHO hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kimoja kinaweza kuwa chini ya hapo na cha jirani kikazidi, na huwezi kujua kwa kuonja. Kuchemsha hakuitoi. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki kwenye maji machache zaidi.

Bado uchemshe, kwa sababu ya vijidudu. Ila kumbuka tuko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na maji huku huanza kuchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kwa miinuko kama hii, CDC ya Marekani inashauri yaachwe yachemke dakika tatu kamili. Birika la stima linajizima kabla ya hapo. Tumia sufuria.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Sawa, basi tutendewe kama wakazi wa jiji. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya maji safi na salama ya kutosha, na cha 35 haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. ELDOWAS ni kampuni ya umma. Itutumie matokeo ya vipimo vya mtaa wetu kwa SMS, pamoja na bili. Mwenye nyumba aliye na kisima abandike langoni cheti cha maabara chenye tarehe, na aseme siku ambazo pampu imewashwa. Kaunti iulize cheti hicho kama inavyouliza vibali vingine. Gharama ya kupima ukiigawa kwa nyumba 20 haifiki bei ya mtungi wa gesi.

Na wewe unayetafuta nyumba wikendi hii, nenda na chupa mbili, moja ina maji ya mvua. Nyingine jaza mferejini, tia vipande sawa vya sabuni ya mche, tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya pili ikibaki na utando wa maziwa, uliza kisima kiko wapi na choo kiko umbali gani nacho.

Msimamizi wetu alinicheka nilipomfanyia hayo maonyesho. Kisha akapanda juu ya paa kuangalia tangi. Kifuniko hakikuwepo.